Chinchila, mnyama mdogo anayeuma

1. Mnyama wa mawe na baridi

Binadamu hufuga wanyama wa namna nyingi. Mbwa hulinda nyumba, mbuzi hutoa nyama, kuku hutaga mayai. Lakini katika inchi za Ulaya na Amerika watu wengine hufuga wanyama wadogo kwa furaha ya kuwatazama na kukaa nao tu. Mmoja wa wanyama hao ni chinchila.

Chinchila ni wa jamaa ya wanyama wanaoguguna, kama vile panya, nungu na simbilisi. Mwili wake una urefu wa santimetri 25 mpaka 35, na uzito wake ni gramu 400 mpaka 800. Masikio yake ni makubwa, ya mviringo, membamba kama majani. Ndevu zake ni ndefu. Miguu yake ya nyuma ina nguvu, naye huruka juu kuliko vile mtu angedhani akimwangalia. Mkia wake una nywele nyingi kama burashi.

Lakini ajabu yake kubwa ni manyoya. Katika kichwa cha mtu, kila kitundu cha ngozi hutoa unywele mmoja au michache tu. Katika ngozi ya chinchila, kitundu kimoja hutoa nywele 50 na zaidi! Kwa hiyo manyoya yake ni mengi na laini kupita manyoya ya wanyama karibu wote wa inchi kavu. Mwenyezi Mungu alimvika hivyo kwa sababu makao yake ni milima ya Amerika ya Kusini, mahali penye mawe, miiba na ukavu, ambapo usiku ni baridi sana.

Huko mlimani chinchila hukaa pamoja na wenzake katika nyufa za mawe. Mchana hulala. Jua likizama hutoka kutafuta majani na mbegu. Haogi kwa maji. Hujigaagaza katika vumbi laini, na vumbi hilo huondoa mafuta na uchafu katika manyoya yake.

Adui zake ni wengi. Mbweha humvizia chini, bundi na mwewe humrukia toka juu. Naye hana pembe, hana sumu, wala hana makucha makali. Masikio yake humwonya, miguu yake humkimbiza. Adui akimshika manyoya, manyoya hung'oka; shada la nywele hubaki kwa adui, naye chinchila huponyoka. Lakini akikosa njia ya kukimbia, hubaki na silaha moja tu ya mwisho, ndiyo meno.

2. Jinsi alivyoletwa nyumbani kwa watu

Manyoya hayo mazuri yalimletea chinchila taabu kubwa. Matajiri wa Ulaya na Amerika walipenda makoti ya manyoya yake, na koti moja refu lilihitaji ngozi 100 na zaidi. Wawindaji walipanda milima ya Chile, Bolivia, Peru na Argentina, wakaua bila kuhesabu. Mwanzoni mwa karne ya 20, malaki ya ngozi yalikuwa yakiuzwa kila mwaka. Baada ya muda mfupi wanyama walikuwa wamekwisha mahali pengi. Mwaka 1910 serikali za inchi hizo nne zilipatana kukataza uwindaji huo, lakini wawindaji wengi hawakutii.

Mwaka 1923 Mmarekani mmoja, jina lake Mathias Chapman, aliyekuwa akifanya kazi katika machimbo ya shaba huko Chile, aliwapeleka chinchila kama 11 mpaka California. Ilikuwa kazi ngumu. Aliwateremsha kutoka mlimani polepole, wapate kuzoea joto kidogo kidogo, na njiani juu ya bahari aliwawekea barafu wasife. Chinchila wengi wanaofugwa leo majumbani ni uzao wa hao wachache.

Mwaka 1983 serikali ya Chile ilitenga mahali pa kuwahifadhi chinchila wa porini, karibu na mji wa Illapel. Hata hivyo chinchila wa mlimani wamebaki wachache, nao wamo katika hesabu ya wanyama walio katika hatari ya kwisha kabisa duniani.

Jambo moja la kukumbuka latoka katika habari hii. Mbwa amekaa na watu kwa maelfu ya miaka. Amejifunza sauti yetu, uso wetu na mkono wetu. Chinchila amekaa na watu muda wa miaka mia moja na kidogo tu. Mwili wake umo katika kizimba, lakini moyo wake ungali mlimani, kati ya mbweha na mwewe.

3. Mtoto na kidole chake

Tufikiri sasa mtoto mmoja wa mji wa Ulaya. Siku ya sikukuu baba yake amletea chinchila katika kizimba. Mtoto afurahi mno. Ni saa nane ya mchana, na mnyama amelala pembeni. Mtoto afungua mlango, aingiza mkono toka juu, amshika mgongo, ataka kumtoa. Mara meno mawili ya rangi ya machungwa yaingia katika kidole. Mtoto apiga kelele, auvuta mkono kwa nguvu, damu yatoka.

Kesho yake mambo ni yale yale. Siku ya tatu mtoto asema: «Mnyama huyu ni mbaya. Simtaki tena. Mtupeni nje.»

Chinchila akitupwa nje hafiki mbali. Mbwa na paka wako tayari kumrarua. Mvua ikimlowesha, manyoya yake mazito hayakauki upesi, naye hupata baridi na kuugua. Jua kali nalo humwua, maana joto likipita digrii 25 mwili wake huanza kuteseka. Basi, neno la mtoto ni hukumu ya kifo.

Lakini hakimu mwema hahukumu kabla ya kuuliza: «Huyu amefanya nini, na kwa sababu gani?» Tuulize nasi vivyo hivyo.

4. Sababu za kuuma

Kwanza tutenganishe kuonja na kuuma. Chinchila hana mikono kama yetu ya kupapasa kila kitu. Akitaka kujua kitu ni nini, hukinusa, kisha hukigusa kwa meno pole pole. Tena chinchila wawili wanaopendana husafishana manyoya kwa meno yao. Akigusa kidole hivyo, bila kuumiza, si hasira. Ni swali, au ni urafiki. Lakini mkono ukinuka chakula, aweza kuonja kwa nguvu zaidi. Kosa hapo si la mnyama. Ni la mtu asiyenawa.

Kuuma kwenyewe, kunakotoa damu, kuna sababu zake.

Sababu ya kwanza ni hofu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mkono uliotoka juu, kwa chinchila, ni mwewe. Vidole vilivyomkaza mbavu ni makucha. Mtoto alidhani anampapasa. Mnyama alidhani anauawa. Na kama alikwisha kushikwa vibaya siku nyingine, ataogopa hata mkono mwema. Wazee husema kwamba mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi. Ndivyo ilivyo kwa wanyama pia.

Sababu ya pili ni usingizi. Chinchila hulala mchana. Je, mtu akishtuliwa usiku wa manane na kuvutwa mguu, ataamka akicheka?

Sababu ya tatu ni makao yake. Kizimba ni nyumba yake, na pembe anapolala ni chumba chake. Mgeni asiyebisha hodi hupokewa kama mwizi. Mama mwenye watoto ni mkali zaidi. Amebeba mimba siku 111, kisha amezaa watoto wenye manyoya na macho wazi. Hakubali mtu awaguse ovyo.

Sababu ya nne ni maumivu. Chinchila ana meno 20, nayo yote huota maisha yake yote bila kukoma. Meno ya mbele yaweza kuongezeka santimetri 5 na zaidi kwa mwaka mmoja. Kule mlimani majani magumu huyasugua na kuyapunguza. Katika kizimba, akilishwa vyakula laini tu, meno hurefuka, hupinda, huchoma ulimi na mashavu. Mnyama wa namna hiyo hula kidogo, hukonda, na kidevu chake hulowa mate. Akiguswa huuma, kwa sababu kila kitu kinamwumiza.

Sababu ya tano ni ukiwa na uvivu wa kulazimishwa. Yeye aliumbwa kuruka juu ya mawe usiku kucha pamoja na wenzake. Akifungwa peke yake katika kizimba kidogo, bila kazi, bila mahali pa kuruka, hukasirika. Hung'ata waya, hung'oa manyoya yake mwenyewe, hung'ata na mkono wa anayemlisha.

Sababu ya sita ni mafundisho mabaya. Mnyama auma, mtu avuta mkono upesi. Basi mnyama ajifunza: «Nikiuma, mkono huondoka.» Siku nyingine, asipotaka kuguswa, atauma mara moja. Mtu mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Zaidi ya hayo, mara nyingi chinchila huonya kabla ya kuuma. Husimama kwa miguu ya nyuma, hutoa sauti kali, na hasa jike huweza kumrushia adui mkojo. Mwenye macho huona onyo na kurudisha mkono. Asiyetazama huumwa, kisha husema ameumwa bila sababu.

5. Jinsi ya kumtuliza

Dawa hufuata ugonjwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta kama mnyama ana maumivu. Kama halii chakula kama kawaida, kama kidevu kimelowa, kama amekonda, apelekwe kwa mganga wa wanyama. Hakuna uvumilivu unaoponya jino lililopinda.

Jambo la pili ni kutengeneza makao yake. Kizimba kiwe kikubwa, chenye vibao vya kuruka toka kimoja mpaka kingine. Kiwe na kisanduku cha mbao, awe na mahali pa kujificha, na mtu yeyote asimtoe humo kwa nguvu. Anayejua kwamba ana pa kukimbilia haoni haja ya kupigana. Apewe majani makavu siku zote, maji safi, na vipande vya mti usio na sumu, kama wa mtofaa, avitafune. Mara chache kwa juma awekewe bakuli la vumbi laini, ajigaagaze dakika 10 au 15. Kizimba kikae mahali penye ubaridi, pasipo jua wala makelele. Akipata mwenzake wa kupatana naye, ni heri zaidi.

Jambo la tatu ni mkono wenyewe, na hapa mtoto wetu ataanza mafundisho mapya.

Siku za kwanza haingizi mkono kumgusa. Jioni, chinchila akiisha kuamka, mtoto aketi karibu na kizimba na kusema naye kwa sauti ya chini, kila siku saa ile ile. Mnyama ajifunza sauti na harufu yake.

Baadaye anawa mikono, aingiza mkono polepole, toka ubavuni, si toka juu. Aulaza chini, kiganja kikitazama juu, na ndani yake jani moja kavu ambalo mnyama hulipenda. Kisha angoja bila kutikisika. Siku moja chinchila anusa na kukimbia. Siku nyingine achukua jani na kukimbia. Siku nyingine tena aketi pale pale juu ya kiganja na kula. Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono wenye haraka haulambwi pia, hata ukijaa.

Akiuma, mtoto asipige kelele wala asimpige. Pigo dogo la mtu laweza kuvunja mbavu za mnyama wa gramu 500, tena humthibitishia kwamba mkono ni adui kweli. Mtoto atulie kidogo, aseme neno moja fupi kwa sauti ya chini, kisha aondoe mkono taratibu, na kujiuliza: «Nimemshtua? Nimemwamsha? Ananipa onyo gani nisilosikia?»

Siku ya kumwinua, atumie mikono miwili: mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya miguu ya nyuma, na amweke karibu na mwili wake. Asimkaze, maana mbavu ni laini. Asimshike manyoya, maana yatang'oka.

Kazi hii haiishi kwa siku tatu. Pengine huchukua majuma, pengine miezi. Kuna chinchila ambaye hatapenda kamwe kubebwa, lakini atapanda mwenyewe juu ya mkono wa mtu anayemwamini. Inatosha. Chinchila akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 10, 15, hata 20. Miezi michache ya saburi si kitu mbele ya urafiki wa miaka hiyo yote.

6. Simbilisi, sungura na mbwa wa kwetu

Wanafunzi wa Kongo hawafugi chinchila. Lakini ndugu yake yuko katika majiko mengi ya Kivu. Ni simbilisi, ambaye wengine humwita dende. Yeye naye asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, naye pia meno yake huota siku zote. Simbilisi ni mpole, huuma mara chache. Basi akiuma, mtoto anayemchunga afikiri: kuna jambo. Labda alikamatwa kwa mgongo na kuning'inizwa. Labda ana jeraha, au panya wamemsumbua usiku. Simbilisi huuzwa, na bei yake hununua daftari, sabuni na chumvi. Mchungaji anayejua kwa nini mnyama wake ameuma hugundua ugonjwa mapema, kabla jamaa nzima ya simbilisi haijafa. Na sungura ni vivyo hivyo: wengi huuma na kuparuza kwa sababu wameinuliwa kwa masikio, na masikio hayakuumbwa kubebea mwili.

Kuhusu mbwa, lazima neno la nguvu zaidi. Mbwa naye huuma kwa hofu, kwa maumivu, kwa kulinda chakula au watoto wake. Usimguse anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Usimtupie mawe. Lakini mbwa aweza kuuma pia kwa sababu ya ugonjwa, nao ni kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikitolewa mapema, huokoa.

Kwa hiyo mtoto aliyeumwa au kuparuzwa na mbwa afanye hivi. Aoshe kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15. Asitie majivu, pilipili wala majani. Amwambie mzazi au mwalimu mara moja, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Asifiche kwa kuogopa kugombezwa. Kugombezwa hupita upesi. Ugonjwa huu hauna huruma. Na mbwa wa nyumbani wachanjwe kila mara chanjo inapopatikana.

7. Mbwa mwitu wa Gubbio

Wakristo hupenda hadithi moja ya zamani juu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, aliyekufa mwaka 1226. Husimuliwa kwamba karibu na mji wa Gubbio, katika Italia, palikuwa na mbwa mwitu mkali aliyeua mifugo na watu. Wenyeji walitoka na silaha, wakarudi na hofu. Fransisko akamwendea mikono mitupu. Hakusema kwamba mbwa mwitu hana kosa. Alimkemea kwa mabaya yake. Lakini alitambua pia kwamba ni njaa iliyomsukuma, akawaambia watu wamlishe kila siku. Watu wakamlisha, naye hakumdhuru mtu tena.

Yule mtoto wa Ulaya afanye vivyo hivyo. Asiseme kwamba kidole hakiumi, wala asijifanye kuwa hakuogopa. Ajifunze tu kuuliza sababu kabla ya kutoa hukumu. Chinchila alikuwa anasema jambo moja kwa njia pekee aliyo nayo: «Naogopa.» Asiye na maneno husema kwa meno. Na mwenye maneno, aliyepewa akili na Mwumba wake, ndiye anayepaswa kuanza kusikiliza.

Maulizo

1. Makao ya asili ya chinchila ni wapi? Kwa nini ana manyoya mengi?
2. Ni kwa sababu gani chinchila walikaribia kwisha?
3. Chapman aliwateremshaje chinchila kutoka mlimani? Kwa nini alifanya hivyo?
4. Eleza tofauti ya kuonja na kuuma.
5. Taja sababu nne zinazomfanya chinchila aume.
6. Mtoto akiumwa na kuvuta mkono upesi, mnyama hujifunza nini?
7. Simbilisi wa nyumbani kwenu hushikwaje? Je, ni vema?
8. Umeumwa na mbwa njiani kutoka shule. Sema mambo utakayofanya, moja baada ya moja.